Kwa nini ukuta wenye mchoro hauguswi, na ule mtupu jirani yake umejaa majina?

#1 Mtembea Jioni

Habari zenu wakuu. Nina swali nimelibeba muda mrefu, naamini humu hakukosekani mtu wa kulijibu.

Napenda kuzunguka kwa miguu mitaa ya pembezoni mwa mji, ile ya nyumba za kuishi ambako watalii hawafiki, nikitafuta michoro ya ukutani. Katikati ya mji michoro inakufuata yenyewe. Huku nje lazima uitafute: ubavu wa ghorofa usio na madirisha, nyuma ya gereji, chini ya daraja la waenda kwa miguu, kwenye masanduku ya umeme. Kuna mmoja sichoki kuurudia. Mwanamke ameinama anatunga uzi kwenye sindano, kajaza ukuta mzima wa ghorofa tatu. Bomba la maji ya mvua linaloshuka ukutani mchoraji hakulificha, ndilo aliloligeuza kuwa uzi wenyewe. Ukisogea karibu unaona rangi ilivyotiririka kwenye vidole, naye akaiacha hivyo hivyo.

Pembeni yake kuna ukuta wa maegesho, mtupu, wa kijivu. Huo umejaa majina ya kupuliza kuanzia chini hadi mkono wa mtu unapofika. Wanaufuta, wiki haiishi yamerudi. Ukuta wa mwanamke hauna hata alama. Makopo ni yale yale, vijana ni wale wale, giza ni lile lile.

Mimi nasema ni heshima: anayejua kuchora hawezi kuiharibu kazi ya mwenzake. Nyie mnasemaje?

#2 Kitanzi

Nimeweka kambi hapa. Swali zuri sana.

#3 Rola Kubwa

Mtembea, mimi ni fundi rangi, nimesimama kwenye kuta nyingi. Heshima sikatai kwamba ipo, lakini kuna sababu nyepesi zaidi: jina linataka kusomeka. Anayeandika jina lake usiku anataka kesho kila anayepita alione. Ukuta wa kijivu unampa hilo bure. Ukimpelekea ukuta wenye rangi ishirini, vivuli, maua na nywele, jina lake linapotelea humo. Hata wewe mwenyewe usingeliona.

Halafu angalia wanavyofuta. Wanapaka kiraka cha kijivu juu ya jina. Kiraka kile kina mipaka minne, kisafi, kimekaa usawa wa macho. Umemtayarishia mtu ukurasa mpya.

#4 Kichwa cha Kopo

Rola umegusa nusu. Nusu nyingine ni sheria za wachoraji wenyewe, na hizo nazijua kwa sababu nilikuwa humo nikiwa kijana.

Kuna ngazi. Chini kabisa ni tagi, jina la mstari mmoja unalolimaliza kwa sekunde chache. Juu yake ni lile jina la herufi zilizovimba, rangi mbili tu, la kufanywa haraka. Juu kabisa ni kazi kamili yenye rangi nyingi, ya kukaa nayo usiku mzima. Huruhusiwi kumpandia mtu wa ngazi ya juu kwa kitu cha ngazi ya chini. Ukitaka kuifunika kazi ya mtu, lete iliyo bora kuliko yake. Ukimpandia kwa tagi umetangaza ugomvi.

Hiyo ni desturi ya zamani, imezaliwa na hii sanaa yenyewe. Mchora majina aliyejiita Cornbread alikuwa anaandika jina lake Philadelphia, Marekani, miaka ya 60, na mwenzake wa New York, Taki 183, akaandikwa na gazeti la New York Times Julai 1971. Wakati huo kila ukuta ulikuwa wazi. Kuta zilipoanza kujaa ndipo watu wakahitaji utaratibu wa nani anampandia nani.

#5 Nyika

Hii ndiyo sababu Philadelphia walianza ule mpango wao wa michoro miaka ya 70, wakawachukua wachora majina wenyewe wakawapa kuta. Walijua desturi hiyo itawalinda.

#6 Mzee wa Kamera

Nyika, rekebisha tarehe. Ni 1984. Meya Wilson Goode alianzisha mtandao wa kupambana na grafiti (hayo maandishi ya kupuliza ukutani), na msanii Jane Golden akaajiriwa kufanya kazi na vijana waliokuwa wakiandika kuta. Mwaka 1996 ndipo ukawa mpango kamili wa michoro. Mpaka leo wameshatoa michoro zaidi ya 4,000.

Na lengo la mwanzo lilikuwa kuzima grafiti kabisa. Michoro ilitokea ndani ya kazi hiyo, kwa sababu Golden aliona wale vijana wana mikono ya sanaa.

#7 Nyika

Shukrani Mzee. 1984 basi. Hoja yangu inabaki lakini.

#8 Pembe Nne

Naomba nilete upande wa utafiti maana naona mnaongea uzoefu tu (na uzoefu ni mzuri).

Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha majaribio yaliyofanyika Groningen, Uholanzi. Watafiti walichukua kichochoro ambako watu huegesha baiskeli, wakaning'iniza vipeperushi kwenye usukani. Ukuta ulipokuwa msafi, asilimia 33 ya wenye baiskeli walitupa karatasi chini. Ukuta ule ule ulipoandikwa ovyo, wakafika asilimia 69. Maana yake ukuta unamwambia mtu hapa kinakubalika nini. Ukuta wa maegesho wa Mtembea unasema tayari pameshaharibika, ongeza na lako. Ukuta wa mwanamke unasema kuna anayejali.

Pia kuna suala la macho. Mwaka 2006 watafiti wa Newcastle, Uingereza, walibandika picha za macho juu ya sanduku la kulipia chai ofisini, mahali ambapo kila mtu hujilipia bila kusimamiwa. Wiki za macho watu walilipa karibu mara tatu ya wiki za picha za maua. Mchoro wa Mtembea ni wa mtu. Una macho.

#9 Dada wa Kichochoro

Pembe Nne, hilo la macho lina upande wa pili. Mwaka 2017 watafiti wengine walikusanya matokeo ya majaribio mengi ya aina hiyo kuhusu ukarimu, wakayapima kwa pamoja, na hawakuona kwamba picha za macho zinawafanya watu wawe wakarimu zaidi. Na mwanamke wa Mtembea anaangalia sindano yake. Haangalii mtu.

#10 Kitanzi

Hahaha, hapo Pembe Nne amekamatwa. Mwanamke yuko bize na uzi wake, wezi wapite tu.

#11 Pembe Nne

Nimekubali kwa macho, sijakubali kwa Groningen. Ile bado imesimama.

#12 Dada wa Kichochoro

Sawa. Sasa nieleze la kwetu.

Tulikoishi kulikuwa na ukuta mrefu wa uzio, nyuma ya uwanja wa watoto. Ulikuwa unaandikwa kila mara. Mwalimu mmoja wa sanaa akawakusanya vijana wa mtaa, wakachora wao wenyewe: mikono ya majirani halisi. Kila jirani aliweka mkono kwenye karatasi, ukachorwa pembeni yake, ukakuzwa kwa miraba hadi ukubwa wa mlango. Mama mmoja mkono wake ulikuwa na kovu la moto, akaomba kovu liwekwe. Likawekwa.

Ukuta ule haukuguswa miaka mingi. Baadaye vijana wale wakakua, wakahama. Wapangaji wakabadilika. Polepole majina yakaanza pembeni, yakaja kwenye vidole, leo umejaa. Rangi bado ilikuwa nzuri yalipoanza. Kilichokwisha ni watu wanaoujua ule mkono ni wa nani.

Kwa hiyo mimi siamini ni mchoro unaolinda ukuta. Ni watu wanaouangalia kutoka dirishani na kusema "huo wetu".

#13 Mzee wa Kamera

Dada umenigusa. Kuna mfano mkubwa wa unalosema: Ukuta Mkuu wa Los Angeles. Judith Baca aliuanza miaka ya 70 ndani ya mfereji wa saruji wa kuzuia mafuriko, bonde la San Fernando, eneo la makazi ya viungani kabisa. Una mita zaidi ya 800 za historia ya California kwa macho ya watu ambao vitabu viliwaacha. Zaidi ya vijana 400 walishiriki kwa miaka, wengi wao waliletwa na mfumo wa mahakama za watoto. Jua na maji vilipoufifisha, kuna waliokuwa watoto wakati ule waliorudi wakiwa watu wazima kuukarabati. Kazi ya ukarabati ilikamilika 2011.

Nenda usimame ukingoni, unautazama kutoka juu, ukuta wenyewe uko chini kwenye mfereji. Mtu anayepita na gari hajui kabisa kama upo.

#14 Mwanamitaa

Mnaongea kana kwamba mchoro haushambuliwi. Mmesahau mtaa wa Cable, London mashariki? Mchoro unaoonyesha mapambano ya Oktoba 4, 1936, wakazi walipowazuia wafuasi wa ufashisti wasipite. Kabla haujamalizika uliharibiwa, 1982. Mchoraji aliyeuanza akaacha, wengine wakaumalizia 1983. Na umeharibiwa tena baada ya hapo. Watu walikuwa wanaujua vizuri sana, na kujulikana huko ndiko kulikouponza.

Kwa hiyo "wetu" ya Dada inakata pande mbili. Kama ni wetu, basi si wenu, na yule asiye ndani ya "wetu" ana sababu ya kuja na kopo.

#15 Dada wa Kichochoro

Mwanamitaa, hilo sina jibu lake. Lakini yule wa Cable alikuja kupinga ujumbe. Swali la Mtembea ni kuhusu kijana anayeandika jina lake tu, asiye na ugomvi na mtu.

#16 Rola Kubwa

Narudi, maana mnaenda mbali na ukuta.

Mtembea, umesema ukuta wa mwanamke hauna hata alama. Nakuomba ufanye hivi. Nenda saa jua limeshuka lakini halijazama, lipige ukuta kwa ubavu. Angalia mita mbili za chini, pale mkono unapofika. Ukiona pale chini panang'aa kidogo kuliko juu, basi limepakwa koti la kinga, ile vanishi isiyo na rangi. Kuna aina ya kudumu: jina linaoshwa kwa kimiminika na kinga inabaki. Kuna aina ya nta: ukiosha kwa maji ya moto ya presha jina linaondoka pamoja na nta, halafu unapaka upya.

Cha pili, tafuta viraka. Mchoraji akirudi kurekebisha, rangi ya kopo jipya haifanani kabisa na ile iliyopigwa jua. Utaona kipande cha sketi kimekolea kuliko jirani yake, kwa umbo la mawingu mawingu, usawa wa bega. Hapo palikuwa na jina.

Ukuta unaouona msafi huenda umeandikwa mara nyingi tu, ila kuna mtu anaamka mapema kuliko wewe.

#17 Nyika

Hii ya Rola imenifungua macho. Tunahesabu kuta zilizosalimika tunadhani ndizo zote. Ule ulioharibiwa kabisa umeshapakwa kijivu, na sisi tunauita "ukuta mtupu".

#18 Tabasamu

Samahani kutoka nje ya mada kidogo, mimi mgeni humu. Kwa nini michoro ya zamani mingi inageuka bluu? Kuna mmoja kwetu ulikuwa na machweo mekundu, sasa unaonekana kama watu wako chini ya maji.

#19 Rola Kubwa

Karibu. Ni jua. Ile miale isiyoonekana inavunja chembe za rangi, na chembe hazilingani uimara. Rangi nyekundu kali, waridi na njano nyingi za kung'aa zinatengenezwa kwa chembe ambazo jua linazivunja mapema. Bluu na kijani za kisasa nyingi zinatoka kwenye familia moja imara sana, zinabaki. Ukitoa nyekundu na njano kwenye picha, kinachobaki ni ubluu.

Nyekundu inayodumu ipo: ya udongo, yenye oksidi ya chuma, ile ya kutu. Haina ule mwako lakini itakuzika. Mchoraji mzoefu akipewa ukuta unaochomwa na jua mchana kutwa hupanga rangi zake kwa kujua hilo.

Na si rangi peke yake. Rangi ya akriliki inakaa juu ya ukuta kama ngozi. Maji yakiingia kwa nyuma, kutoka msingini au bomba linalovuja, ngozi inavimba na kumenyeka. Kuna rangi za silikati, mfumo ambao Keim aliusajili Ujerumani mwaka 1878: hizo zinashikana na madini ya lipu yenyewe na kuacha ukuta upumue. Hazimenyeki. Lakini zinataka lipu safi ya saruji au chokaa, ukizipaka juu ya rangi ya zamani hazishiki, na haziji kwenye kopo la kupuliza.

#20 Tabasamu

Asante sana. Sikujua kuna elimu kubwa hivi nyuma ya ukuta.

#21 Kichwa cha Kopo

Niongeze la mbinu, kwa wanaotembea. Ukisimama karibu na mchoro mkubwa, tafuta michirizi ya ajabu chini ya rangi: herufi, mizunguko, maumbo yasiyo na maana. Mchoraji huanza kwa kukoroga ukuta mzima kwa alama hizo, anaupiga picha kwa simu, halafu kwenye simu analaza mchoro wake juu ya picha ile. Kila alama inakuwa kituo: jicho linaanzia kwenye mkunjo wa alama hii, kidevu kinaishia kwenye ile. Hahitaji projekta wala kusubiri giza. Zamani ilikuwa miraba, na bado wapo wanaoipenda miraba. Wakati mwingine koti la mwisho halifuniki vizuri, unaziona zile alama pembezoni.

Philadelphia wao kazi nyingi huzichora ndani, kwenye kitambaa chembamba wanachokiita cha parashuti, vipande vipande, halafu wanavibandika ukutani kwa gundi ya akriliki. Hivyo hata mtu asiyeweza kupanda kiunzi anachora. Ukitazama kwa makini unaweza kuona mstari wa kiungo.

#22 Mwanamitaa

Mambo ya rangi mazuri, ila kuna jambo hamjaligusa: ni nani anayeutaka huo mchoro?

Wynwood, Miami, mwekezaji Tony Goldman alifungua zile kuta zake 2009 kwenye eneo la maghala. Michoro ikavuta watu, watu wakavuta migahawa, kodi zikapanda. Leo michoro iko salama sana kwa sababu ni mali ya biashara. Hiyo nayo ni sababu ya kutoguswa: walinzi.

Na Berlin, Kreuzberg, Desemba 2014, michoro miwili mikubwa ya mchoraji aitwaye Blu ilipakwa rangi nyeusi usiku mmoja, kwa ridhaa ya mchoraji mwenyewe, kwa sababu kiwanja kilikuwa kinaenda kujengwa na hawakutaka michoro ile iwe mandhari ya wanunuzi wa nyumba. Mwaka 2016 Blu akafuta kazi zake zote Bologna kwa kijivu. Kwa mchoraji huyo ukuta wa kijivu ulikuwa na heshima kuliko mchoro uliogeuzwa tangazo.

#23 Mzee wa Kamera

Mwanamitaa, kwa Wynwood nakubali. Ila usizifanye zote hivyo. Lyon, Ufaransa, kuna mtaa unaitwa États-Unis, nyumba za wafanyakazi alizosanifu Tony Garnier, zikajengwa miaka ya 20 na 30. Miaka ya 80 zilikuwa zimechakaa, zinakarabatiwa. Wapangaji wenyewe waliunda kamati, wakataka kuta zile za pembeni zisizo na madirisha zichorwe. Leo kuna kuta 25, kila moja karibu mita za mraba 230, nyingi zikionyesha michoro ya Garnier mwenyewe ya mji aliouota. Unatembea kati ya majengo, watu wameanika nguo, na juu yao kuna mji wa kufikirika. Ni nyumba za kupanga mpaka leo.

Mji huo huo kuna mchoro wa wafumaji hariri, ulichorwa 1987, ukachorwa upya 1997 na tena 2013. Kila unapochorwa upya mtaa uliochorwa unazeeka: miti inakua, watu wale wale wanapata mvi. Mimi sijaona wazo zuri kuliko hilo kwa mchoro wa mtaani.

#24 Pembe Nne

Kwa hiyo mpaka sasa tuna: heshima, kusomeka, desturi za ngazi, ishara ya kujali, umiliki wa wakazi, vanishi, walinzi wa biashara. Kila moja ina mfano unaoiunga na mwingine unaoikataa.

#25 Nyika

Ongeza sheria. New York, Queens, kulikuwa na jengo la 5Pointz limejaa kazi za wasanii kwa ruhusa ya mwenye jengo. Novemba 2013 mwenye jengo alilipaka chokaa usiku. Wasanii 21 wakashtaki kwa sheria ya Marekani ya 1990 inayolinda kazi za sanaa. Februari 2018 mahakama ikawapa dola milioni 6.75, na rufaa ikathibitisha 2020. Tangu hapo mwenye ukuta akifikiria kufuta anafikiria mara mbili.

#26 Wakili wa Jioni

Nyika uko sahihi kwa namba, ila ongeza tahadhari mbili.

Kwanza, hawakupaka chokaa, walipaka rangi nyeupe. Najua unaitumia kama msemo, lakini kwa kesi hii ilikuwa hoja, kwa sababu chini ya rangi vipande vingi vilikuwa bado vinaonekana nusu nusu kwa miezi. Hakimu alikasirishwa na haraka hiyo: kungekuwa na taarifa ya siku 90, wasanii wangepata nafasi ya kuokoa au kupiga picha kazi zao.

Pili, kwa vitendo sheria ile inamzuia mwenye jengo. Kijana mwenye kopo haimzuii kitu. Haijibu swali la Mtembea.

Na kwa mnaotembea na kamera: kupiga picha na kuuza picha ni vitu viwili. Ujerumani unaruhusiwa kuuza picha ya mchoro ulioko wazi barabarani kwa kudumu. Ufaransa ruhusa hiyo iliingia 2016, kwa majengo na sanamu tu, kwa mtu binafsi asiyefanya biashara. Uingereza sheria inataja majengo na sanamu, michoro ya ukutani haimo. Ukuta uko nje, lakini mchoro bado una mwenyewe. Mtaje mchoraji kila unapoweka picha, jina lake mara nyingi liko kona ya chini pamoja na mwaka.

#27 Kitanzi

Wakili kaja na kanzu yake. Tusiweke picha tena jamani.

#28 Wakili wa Jioni

Wekeni, Kitanzi. Mtajeni tu mchoraji.

#29 Mtembea Jioni

Wakuu, nashukuru sana, uzi umekuwa darasa. Nimekwenda kama Rola alivyoelekeza.

Mng'ao upo. Unaanzia chini, unaishia kwenye mstari ulionyooka kabisa usawa wa mkono ulioinuliwa, ukiukagua kwa jua la pembeni huwezi kuukosa. Na kwenye pindo la gauni kuna sehemu tatu zilizokolea, maumbo ya mawingu kama alivyosema. Kwa hiyo uliandikwa.

Lakini kuna jambo limenichanganya. Nyuma ya jengo hilo hilo kuna mlango wa chuma ambao mchoraji aliuchora kikapu cha nyuzi, kidogo tu. Pale hakuna vanishi, nimegusa, rangi inatoka unga kidoleni. Hakuna kiraka. Hakuna jina. Na ndipo mahali penye giza kuliko pote, hakuna dirisha linalotazama.

Nilimkuta mzee anafagia, nikamuuliza nani anautunza. Akasema vijana wa gorofa ya juu wana ufunguo wa stoo yenye makopo. Nikamuuliza ni vijana gani, akasema "hao hao wanaoandika kule maegesho."

#30 Kichwa cha Kopo

Si nilisema? Ngazi.

#31 Dada wa Kichochoro

Hapana, Kichwa, hiyo ni yangu. Wamepewa ufunguo. Wakihama hao uje utuambie.

#32 Rola Kubwa

Mlango wa chuma una sababu yake: rangi inayotoa unga haishiki tagi vizuri, inateleza ikinyesha. Anayeandika anajua.

#33 Kichwa cha Kopo

Rola, mimi nimeandika kwenye vibaya kuliko hivyo. Hakuna kijana anayekagua unga.

#34 Tabasamu

Naomba ushauri wenu kabla hamjafika mbali. Kamati ya jengo letu imepewa nafasi ya kuchorewa ukuta wa ubavuni, ule wenye yale machweo yaliyogeuka bluu. Nusu wanataka maua ili mtu asikasirike. Nusu wanataka sura za wazee walioanza kuishi hapa. Kura ni hivi karibuni, nami nimeombwa nizungumze.

#35 Mwanamitaa

Sura. Maua hayana mwenyewe. Ila mkubaliane kabisa ni wazee gani, maana atakayeachwa nje ndiye mtakayegombana naye.

#36 Mzee wa Kamera

Mimi ningeuliza kwanza kama mchoraji yuko tayari kurudi baada ya miaka kadhaa. Liandikeni kwenye mkataba, pamoja na nani analipa rangi. Na pigeni picha safi ya machweo yale kabla hayajafunikwa.

#37 Rola Kubwa

Tabasamu, kabla ya maua au sura, kagueni ukuta. Kata kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, kiache usiku kucha au zaidi. Ukikuta matone kwa ndani, maji yanatoka ukutani, na mchoro wowote mtakaoweka utamenyeka. Angalia pia unga mweupe karibu na msingi, hiyo ni chumvi inayoletwa na unyevu. Tafuteni bomba linalovuja, lirekebisheni, uacheni ukuta ukauke. Ile rangi ya zamani inayotoka unga ioshwe na kukwanguliwa, ndipo koti la kwanza liingie. Muulize mchoraji orodha ya rangi zake nyekundu.

#38 Dada wa Kichochoro

Na mjue mapema nani atashika ufunguo wa stoo.

#39 Pembe Nne

Hapo kwenye ufunguo nina wasiwasi. Ukimpa kijana mmoja, wasiopewa watausoma vipi ukuta huo?

#40 Tabasamu

Nailoni naibandika leo leo. La ufunguo sijui nitalisemaje mbele ya kamati, kwa sababu kijana anayeandika kwenye ngazi zetu ni mtoto wa mwenyekiti.